Kiraka Changu, Jina la Mzee

Yule bwana wa usaili, kwenye kampuni moja ya kompyuta Stockholm, alisema wazi. Shahada za uzamili anazo tele mezani kwake, na zote zinasema mambo yaleyale. Yeye alitaka kuona kitu kimoja tu: badiliko lolote nililolichangia kwenye programu huria, ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuurekebisha, likakubaliwa na watu wasionijua, likabeba jina langu. "Ukiwa nalo, rudi tuzungumze," akasema, akanipa mkono. Kibali changu cha kuishi Sweden kama mwanafunzi kilikuwa kinaisha mwanzoni mwa vuli, na bila kazi ningerudi Dar na sanduku langu. Kwa hiyo sikuingia kwenye programu huria kwa mapenzi. Niliingia kwa hofu, na nilitoka na hasira ambayo hadi leo sijui niitue wapi.

Nilichagua programu ndogo ya kuhamisha mafaili makubwa kwenye intaneti. Sifa yake ni kwamba mtandao ukikatika katikati, inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Chuoni Dar tuliitumia sana, maana kwetu mtandao kukatika ndiyo kawaida. Na kila aliyeitumia aliujua ugonjwa wake: mara mojamoja inakuambia imemaliza, unafungua faili, unakuta limeharibika mwishoni. Tulikuwa tunasonya na kuanza upya. Hakuna aliyewahi kufikiri kuwaandikia wenyewe. Stockholm nilipouliza, hakuna aliyewahi kuuona ugonjwa huo. Angeuonaje, na mtandao wake haukatiki?

Basi nikaanza kuukata mwenyewe. Nilikuwa nimepanga chumba Fittja, kitongoji cha Stockholm, kwa mama mmoja Mrundi, aliyeishi miaka mingi Kigoma kabla ya kuletwa huku, na Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko changu. Kila programu ilipokaribia kumaliza, nilichomoa waya wa intaneti ukutani sebuleni, nikauchomeka, nikaangalia, nikauchomoa tena.

"Binti, huo waya umekukosea nini?"

"Najaribu kitu, mama."

"Jaribu ukiwa umeuacha ukutani. Niko na dada yangu wa Kanada hapa kwenye kompyuta, unanikatia kila tukifika penye utamu. Sasa sijui kama yule mume alirudi au hakurudi."

Nililipata kosa. Mtandao ukikatika kwenye kipande cha mwisho kabisa, programu ilihesabu kipande hicho kama kimefika hata kama hakijafika. Marekebisho yalikuwa mafupi, hayajazi hata ukurasa. Pale panapohifadhiwa hesabu ya kilichobaki nilipaita "bado", kwa sababu ndivyo nilivyokuwa najisemea nikichomoa waya: bado, bado, bado. Nikafurahi kwa muda wa kunywa chai. Halafu nikaangalia nani aliandika sehemu hiyo yenye kosa. Alikuwa mwanzilishi wa programu yenyewe, mzee wa rika la baba yangu, anayeishi hapahapa Stockholm.

Sheria ya mradi haikuwa na utata. Kila kiraka, ndivyo tunavyoviita vipande hivyo vya marekebisho, hupelekwa kwenye kundi la barua pepe ambako wachangiaji wote wanasoma, wanakichambua, na mwanzilishi anakubali au anakataa. Niliisoma sheria hiyo nikaielewa. Lakini nilikuwa naombwa nisimame mbele ya mamia ya watu nimwambie mtu mzima: hapa ulikosea.

Sikulelewa hivyo. Mhadhiri akikosea ubaoni, hunyooshi mkono. Unamfuata ofisini baadaye, unasimama mlangoni, unasema, "Shikamoo mwalimu, samahani, pale mimi sikuelewa vizuri," mpaka aone mwenyewe. Na yeye, kipindi kinachofuata, anasahihisha na kusema, "Kuna mwenzenu amenionyesha." Anakutaja. Hiyo ndiyo sehemu yake. Wewe unamsitiri, yeye anakutaja. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna nchi ambako mtu anaweza kuichukua nusu ya kwanza ya desturi hiyo bila kujua kwamba ina nusu ya pili.

Nilimwandikia faragha. Salamu, kumtakia heri yeye na jamaa zake, kuisifu programu, kuomba radhi kwa kumchukulia muda, kisha kiraka, kisha, "Huenda nimekosea mimi." Sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimechomoa waya mpaka tundu la ukutani likalegea.

Akajibu neno moja: asante.

Neno hilo nililitesa. Asante ya kukubali au ya kunifukuza? Kwa nini hakuweka hata jina langu mwanzoni? Je, salamu zilizidi? Au zilipungua? Nikaamua ni asante ya mtu mwenye shughuli nyingi, nikasubiri kutajwa. Toleo jipya likatoka na ugonjwa ukawa umepona. Nikafungua msimbo nikaikuta mistari yangu, mmoja baada ya mwingine, hata nafasi nilizoacha. Jina la aliyeileta lilikuwa lake. Mchangiaji mmoja akauliza kwenye kundi "bado" ndiyo nini. Mzee akajibu kwamba hakumbuki vizuri, pengine ni kifupisho cha kitu fulani, na akalibadilisha kwa neno la Kiingereza.

Hakumbuki vizuri! Niliisoma sentensi hiyo nimesimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, amerudi kutoka kazini kwake Vårby gård, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo umeibiwa."

"Nimeibiwa."

"Nani alikuona ukimpa?"

"Hakuna."

"Yoo, mwanangu. Unampa mtu kitu chumbani, halafu unatafuta shahidi barabarani?"

"Ilikuwa heshima, mama. Wewe usingefanya hivyohivyo?"

Akafunika sufuria kwa nguvu. "Ningefanya! Unafikiri nimekasirikia nini?"

Wachangiaji wanaoishi Stockholm walikuwa wanakutana kila mwezi kwenye mkahawa karibu na uwanja wa Mariatorget, mjini kati. Nilikwenda. Njia nzima kwenye treni nilijipangia maneno, nikayapangua, nikajiuliza kama nimwite bwana au nimwite kwa jina, na kama nikilia nitasingizia baridi ilhali ni majira ya joto. Nilimkuta: mrefu, mpole, sweta limechakaa viwikoni. Alisimama kunipa mkono, akaniambia niache kumwita bwana, hapa kila mtu ni jina lake tu.

"Barua yako ilikuwa nzuri sana," akasema kwa Kiingereza. "Ndefu, lakini nzuri."

"Ile kazi ni yangu."

"Bila shaka, wewe ndiye uliyenipa wazo."

"Si wazo. Ni mistari. Ulichobadilisha ni herufi nne."

Watu wa meza ile wakaanza kuangalia vikombe vyao. Yeye hakukasirika, na hilo lilinizidishia moto. Alieleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kinachomfikia faragha anakihesabu kuwa ushauri, ndivyo alivyozoea siku zote. "Ungetaka jina lako liwepo, ungepeleka kwenye kundi. Kwa nini hukupeleka?"

"Kwa sababu kosa lilikuwa lako."

Akanitazama. Alikuwa anasubiri nimalizie sentensi. "Ndiyo," akasema. "Kwa hiyo?"

Wizi ningeweza kuuvumilia kuliko hiyo "kwa hiyo". Nilikuwa nimempa kitu kikubwa kuliko kiraka, nilikuwa nimemfunika mbele ya watu wake, na yeye hakujua kama kuna nguo begani mwake. Nitamdai vipi mtu kitu ambacho hajui amepewa?

Akasema historia ya msimbo haibadiliki, watu wengi wamekwisha kuinakili. Anaweza kuniweka kwenye ukurasa wa shukrani.

"Sitaki shukrani. Nataka useme."

"Niseme wapi?"

"Palepale wanaposoma wote."

"Acha nifikirie," akasema, akaagiza kahawa nyingine. Nami kufikiria kwake nikakuambia kwende zake, nikatoka. Nilikuwa nimefikiria vya kutosha kwa ajili yetu sote wawili.

Kesho yake niliandika kwenye kundi. Bila salamu, bila kuuliza hali ya jamaa ya mtu. Nikasema marekebisho yale niliyaandika mimi, nikampelekea mwanzilishi, naye akayatoa kwa jina lake. Nikabonyeza kutuma kabla mkono haujapata akili. Jibu la kwanza likatoka kwa mtu wa nchi ya mbali nisiyemfahamu: mambo binafsi kama haya yanafaa kumalizwa faragha.

Faragha! Nilipokwenda faragha nilikosea kwa kuwa nilikwenda faragha. Nilipokwenda hadharani nikaambiwa nirudi faragha. Nikamwandikia yule mtu palepale mbele ya wote kwamba faragha nimekwisha kwenda, nimeona kilichoko huko. Mwingine akataka ushahidi. Nikaiweka barua yangu nzima, salamu zote, heri zote, "huenda nimekosea mimi", dunia ikaisoma. Usoni nilipata joto kama nimevuliwa nguo sokoni. Kuna aliyeandika kwamba barua ni ya kupendeza. Huyo simsamehe.

Siku mbili zikapita. Nilikuwa nafungua kompyuta, nafunga, naweka mchele motoni nasahau. Kisha mzee akaandika. Sentensi chache: marekebisho ni ya huyu dada, aliniletea yakiwa kamili, nilipaswa kusema hivyo tangu mwanzo, sikusema. Akaongeza marejeo kwenye msimbo, mstari mdogo wa maelezo wenye jina langu juu ya ile sehemu. Hakuomba radhi, wala hakujitetea. Sikupoa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita virefu, na mtu ameweka silaha chini kama anayeweka mwavuli.

Nilirudi kwenye kampuni. Yule bwana wa usaili alikuwa ameufungua mstari wenye jina langu, lakini hakukaa nao. Alikuwa amesoma majibizano yote tangu mwanzo mpaka mwisho, niliona kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Niulize tu," akasema. "Hivi ndivyo unavyofanya kazi na wenzako?"

Majibu salama yalinijia yote kwa pamoja, yakasukumana mlangoni. Kwamba ilikuwa hali ya pekee. Kwamba nimejifunza. Kwamba napenda sana kushirikiana. Niliyaona yote jinsi yalivyo, yamepiga magoti, yanaomba radhi kwa kosa ambalo silo langu, kama barua yangu ya kwanza.

"Wenzangu wakichukua kazi yangu, ndiyo," nikasema. "Wakikosea, nitawaambia walipokosea. Mbele ya watu, kwa kuwa ndivyo mnavyotaka huku. Msije mkalalamika."

Alirudi kwenye kioo chake, nami nikaanza kuhesabu bei ya tiketi ya ndege. Halafu akasema anayo nafasi ya majaribio ya miezi sita, na karatasi za kibali wataniandalia wao. Nikasema sawa. Sikutabasamu. Si kwa kiburi, uso ulikataa. Treni ya kurudi ilipita Liljeholmen, ikapita Skärholmen, mimi bado najibizana na yule wa faragha, namshinda kila kituo.

Mama mwenye nyumba alinisikia nikivua viatu.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, mama."

Akapiga kigelegele, jirani wa juu akagonga sakafu. Akatoka jikoni kunikumbatia, akasita.

"Sasa hiyo sura?"

"Sijamaliza kukasirika."

Alinitazama vizuri, akanipa kisu kwa upande wa mpini. "Basi njoo ukasirikie huku. Nyama inahitaji kukatwa."