Bakteria Waliodekezwa

Dada yangu ni mlisha bakteria. Nikisema hivyo watu hucheka, naye huwaacha wacheke, hana nguvu za kubishana. Kazi yake pale maabara ni kupika rojo la kuwalisha, kulimimina kwenye visahani, na kuosha vyombo mpaka vidole vinasinyaa.

Bakteria hao walitoka kwenye nepi ya mwanawe wa pekee, enzi akinyonya. Watafiti walikuwa wakitafuta bakteria wema wa tumboni, wale wanaotengeneza dawa yao wenyewe ya kuua vijidudu vya kuhara. Wa mtoto wetu walikuwa moto: ukiwaweka katikati ya kisahani kilichojaa vijidudu, vyote vilivyo karibu nao vinakufa, linabaki duara safi kuwazunguka. Tulimtania mtoto kwamba kazaliwa na duka la dawa tumboni.

Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla hajaanza shule. Tangu hapo dada hakupumzika. Kila siku, hata Jumapili, alikwenda kuwahamishia bakteria wake kwenye rojo jipya.

"Dada, pumzika jamani. Umekwisha."

"Nani atawalisha?"

Nilikasirika, nikaenda zangu.

Mwezi uliopita walipojaribiwa tena, duara halikutokea. Vijidudu vilijaa kisahani kizima, na bakteria wake wamekaa tu katikati, wamenona. Mtafiti mkuu, mama wa makamo, akauliza nani alikuwa akiwahamisha kila siku.

"Mimi."

"Umewadekeza, mdogo wangu. Wanakula, hawana adui, wameacha kutengeneza dawa. Hawa ni wa kuchemshwa na kumwagwa."

Dada akakaa sakafuni. "Kwa hiyo nimemmaliza mwenyewe?" Alisema hivyo mbele ya watu, wala hakuona haya.

Yule mama akamwinua, akampeleka kwenye friza. Ndani ya kichupa kidogo walikuwemo wale wa kwanza kabisa, waliogandishwa wiki ile ile nepi ilipoletwa. Wakachota chembe, wakaipanda. Kesho yake duara lilikuwepo, safi kama zamani.

"Umeona? Wazima. Ila humo kwenye barafu hawahitaji kulishwa. Waache walale."

Wale aliowalea, dada aliwachemsha kwa mkono wake, akaosha visahani. Jumapili nilimkuta nyumbani, kajilaza kwenye kochi na viatu miguuni. Nikadhani anaumwa.

"Nimeambiwa nimwache alale," akasema. Akageukia ukutani, akalia mpaka usingizi ukamchukua.