Wito Huja Mtupu

Kaa karibu, mwanangu, nikueleze neno moja ambalo nilichelewa kulielewa. Neno lenyewe ni wito.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya mnada pale Kabanga, nilikokuwa nauza mitumba. Dada yangu Leokadia alishuka kwenye basi, miguu imejaa vumbi, ametoka nyumbani Nyamahanga.

"Kaka, baba anakuita."

Nikamuuliza ananiitia nini. Akasema hakupewa maneno mengine. Nikawageukia wenzangu nikawaambia labda mzee amenipatia mchumba, tukacheka. Leokadia hakucheka.

"Mwambie aseme kwanza ananiitia nini," nikamwambia. "Nikijua, nitakuja."

Alirudi peke yake.

Mwanangu, habari huja na maneno yake. Wito huja mtupu. Maneno hubaki kwa aliyekuita, na huyapati mpaka umfikie. Mimi nilikuwa nadai habari, na baba alinitumia wito.

Alikuwa anaumwa kifua. Kwetu mzee akijiona anakwisha, humtembeza mwanawe kwenye mpaka wa shamba mbele ya majirani wawili, na mwana hushika kila mti wa mpaka kwa mkono wake. Mashahidi hawaonyeshwi peke yao. Baba aliwaita majirani, wakakaa naye siku tatu kwenye benchi mlangoni, wakiangalia barabara. Siku ya nne akafa.

Nilikuta kaburi bichi. Kabla mvua hazijaanza, baba mdogo akang'oa miti ya upande wa bondeni na kusema shamba la maharage ni lake. Tukaenda barazani. Majirani wale wakaulizwa, na mkubwa wao akajibu bila kunitazama:

"Tulikaa siku tatu. Hatukuonyeshwa mpaka, maana wa kuonyeshwa hakuwepo."

Baraza likampa baba mdogo bonde. Mama alikuwa amelima bonde lile tangu aolewe. Uzeeni akawa anakwenda kulima vibarua Runazi, jembe begani, na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Nakueleza haya kwa sababu naona mnavyofanya sasa. Mzazi anapiga simu, anasema njoo, nanyi mnamwambia aseme tu hapo hapo kwenye simu. Yapo yanayosemeka kwenye simu, sikatai. Lakini kuna jambo linalotaka miguu yako iwe pale. Na kwenda hakukufungi: ukifika ukasikia usilolipenda, likatae kwa heshima, urudi zako. Mimi sikupata hata la kukataa.

Hujachelewa kama mimi, mwanangu. Mungu akujalie kila unakoitwa ufike ungali unasubiriwa.

Ukiambiwa unaitwa, jibu "nakuja", na uondoke siku hiyo hiyo. Ya kuitiwa utayauliza ukishakaa.