Njia Niliyoambiwa Nimeiiba

Nilipoingia mwaka wa pili wa elektroniki hapa Kigali, nilikuwa nimeshazoea kufaulu kwa taabu. Shule ya msingi niliisoma Tanzania, kwa Kiswahili, kabla mama hajaamua turudi kwenye nchi ya wazazi wake. Sekondari nilihangaika na Kinyarwanda cha wenzangu na Kiingereza cha vitabu. Chuoni mhadhiri wa saketi za umeme alisema Kiingereza cha kukimbia, akafuta ubao kabla wino haujakauka. Siku nilipomfuata ofisini kumwomba anieleze upya, aliuliza bila kuinua macho, "Wenzako wameelewa?"

"Baadhi yao, Dokta."

"Basi waulize hao."

Nikawauliza. Wengi walinipa majibu. Njia ya kufikia majibu hakuna aliyenipa. Aliyekubali kukaa nami ni kijana mmoja aliyeongoza darasa. Alikulia Kampala, na alisoma kwa ufadhili ambao ungekatwa akiteleza kidogo tu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kiingereza changu vilevile, tukawa tunakutana katikati.

Tulisomea kwenye kibanda cha mama, Kimisagara. Mama ni fundi cherehani, na Jumamosi mchana meza yake ya kukatia vitambaa ilikuwa wazi. Tulichora saketi juu yake kwa chaki ya kupimia nguo, kisha tukafuta kwa kitambaa kilichobaki. Yule kijana alikuwa mwalimu mzuri, na hilo sitalikana hata leo. Hakuniona mjinga. Alinirudisha nyuma hadi fizikia ya sekondari, akanionyesha kwamba hesabu zilizokuwa zikinitisha ni sentensi tu zilizoandikwa kwa herufi chache. Mama alimwita mwanangu, akamkaangia mandazi.

Jumamosi moja tulikwama kwenye saketi yenye betri mbili. Volti hupimwa kati ya nukta mbili, kwa hiyo kabla ya kuanza unachagua nukta moja uiite sifuri, na nyingine zote unazipima kutoka hapo. Darasani tulifundishwa kuiweka sifuri chini kabisa ya mchoro. Hesabu ikatuzalia milinganyo mingi, kila tulipoifungua ikajifunga tena.

Nikauliza, "Kwani lazima sifuri ikae chini?"

"Ndivyo watu wanafanyaga."

"Tukiiweka hapa katikati je, betri zinapokutana?"

Alicheka. Halafu akachukua chaki, akaanza kuandika. Milinganyo yote ikapukutika, ukabaki mmoja, mfupi, wa kufanya kichwani.

"Sista! Hii umetoa wapi?"

"Sijaitoa popote. Nimeona tu hapo ndipo nyaya nyingi zinapokutana."

Alinishika mkono akaupeperusha hewani kama wa mwanandondi aliyeshinda. Mama aliuliza tunachekea nini, tukashindwa kumweleza. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa nimekwenda kuomba msaada, na kumbe ninacho cha kutoa.

Kwenye mtihani lilikuja swali la aina ile ile. Niliweka sifuri katikati, nikalimaliza, nikatoka nje.

Matokeo yalipobandikwa, jina langu halikuwemo. Niliitwa kwenye chumba cha mikutano, mbele ya mkuu wa idara, mhadhiri wetu na mama mmoja wa ofisi ya mitihani. Mezani zililala karatasi mbili, yangu na ya yule kijana.

"Darasa zima," mhadhiri alisema, "ni ninyi wawili tu mlioweka sifuri hapa. Na wewe ulikaa nyuma yake."

Nikawaeleza jinsi tulivyosoma pamoja, na kwamba wazo lile lilikuwa langu.

"Unataka kutuambia wewe ndiye uliyemfundisha yeye?" Mkuu wa idara alitabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko matusi.

Wakamwita. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma.

"Njia hii ni ya nani?"

Aliangalia dirishani. "Mimi nafanyaga hivyo."

"Na huyu?"

"Sijui, Dokta. Sikuangalia nyuma."

Niliomba wanipe saketi nyingine, yoyote wanayoitaka, niifanye palepale ubaoni mbele yao. Mkuu wa idara alijibu kwamba kamati haikukutana kutunga mtihani. Nikafutiwa somo, nikaambiwa nirudie mwaka.

Mama alivaa kitenge chake cha harusi akaenda chuoni kutoa ushahidi. Alikuwa ametuona kwa macho yake, Jumamosi baada ya Jumamosi. Hakuvuka mapokezi. Walimuuliza kama amesomea umeme, kisha wakamwambia, "Mwihangane, mama." Ndilo neno tunalompa aliyefiwa, na ndilo tunalompa aliyeachwa na basi. Kwa Kinyarwanda, maana yake ni vumilia. Alirudi, akavua kitenge, akakaa kwenye cherehani, akashona hadi alipokata uzi wa mwisho.

Yule kijana alikuja wiki iliyofuata. Nilimkuta amesimama nje ya kibanda, hajathubutu kuingia.

"Ningesema njia ni yako," alisema, "wangetufuta wote wawili. Mimi bila ufadhili narudi nyumbani. Wewe unaweza kurudia."

"Kwa hiyo ulipima, ukaona mimi ndiye wa kuachwa?"

"Usiseme hivyo, sista. Hata ningesema ukweli, wangeniamini?"

Hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Wasingemwamini. Lakini angalau tungekuwa wawili. Nilimwambia aondoke kabla mama hajamwona na kumkaribisha, maana mama angemkaribisha.

Nilirudia mwaka na watu nisiowajua. Nilikaa kiti cha mbele kabisa, mgongo kwa wote, ili pasiwe na mtu wa mbele yangu wa kuangalia. Sikumwomba mtu msaada tena. Nilijifunza polepole, kwa uchungu, mambo ambayo tungeyamaliza kwa mchana mmoja wa kubishana. Yeye alihitimu na darasa lake, na nasikia alifanya vizuri.

Nami nilifaulu, tena kwa alama za juu. Mhadhiri yule yule ndiye aliyesahihisha. Siku ya matokeo alinisimamisha kwenye ngazi, mbele ya wanafunzi wengine, akanipa mkono kwa furaha ya dhati.

"Umeona?" aliniambia. "Ukifanya mwenyewe, unaweza."

Nilimwambia asante, Dokta. Sasa nafanya kazi kiwandani Masoro, napima bodi za umeme kabla hazijafungashwa, na wakubwa wangu wananiheshimu. Lakini hadi leo, mtu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri, kwanza naangalia ni nani mwingine anasikia.