Siku Nilipotoa Udi Badala ya Jibu

Nyie chekeni tu, mie nshazoea, maana hii habari hata nikiificha itanirudia mwenyewe kwenye simu kabla sijamaliza kuificha, kwa hivo bora niiandike kwa mwandiko wangu huu wa kuparura kama kuku (shule nliiacha mapema, mwalimu alikuwa hanitaki na mie nlikuwa simtaki, tukaachana kwa wema). Aibu yenyewe ni hii: mie Nasoro wa Azaiba, huku nchi ya Waarabu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, niliwafukuza watu waliokuja kumposa mjukuu wangu, wala sikuwa na habari kama nnawafukuza, na sababu ilikuwa gari.

Gari hiyo alinletea mtoto wa ndugu yangu, Hilal, anakaa Ujerumani. Mke wangu Bi Zuwena ana pumu, harufu kidogo tu kifua kinambana, basi Hilal akanambia, "Ami, hii ya dizeli, lakini dizeli ya kisasa, moshi wake msafi, wenyewe wametangaza." Mie nkaamini. Siyo tu nkaamini, nkawa mtangazaji wa bure! Nlikuwa naipeleka pale tunapokaa na wenzangu kunywa kahawa, naiacha inaunguruma, naweka leso nyeupe kwenye bomba la moshi, kisha naitoa nawapitishia mmoja mmoja, "Haya nuseni, angalieni, kuna weusi hapo?" Hakuna. Leso nyeupe pe. Nkarudi nyumbani kifua mbele utasema hiyo injini nimeizaa mie.

Kisha ikaja ile habari kwenye televisheni, na nyote mnaikumbuka, kwamba watengenezaji wa magari wamewadanganya wakaguzi. Mwenzenu nkakaa kitako nsikilize. Kumbe wametia ujanja ndani ya gari, likiwa kwenye ukaguzi linajua kama linakaguliwa, linatoa moshi wa kistaarabu, likitoka barabarani linamwaga sumu kama halina mwenyewe. Kama mtoto wa chuoni wallahi! Mwalimu akiwa mbele anatikisa kichwa anasoma juzuu, mwalimu akigeuka tu anamfinya mwenzake. Wenzangu wa kahawa siku ya pili hawakuniamkia mie, waliiamkia gari: "Sabalkheri, Mnafiki!" Na jina likashika mpaka leo.

Hilal akapiga simu, akasema kule wenye magari hayo wanakwenda mahakamani, wengine wanalipwa, lakini sie wa huku nani atatuuliza? La kufanya ni kuipeleka ikatengenezwe. Nkaipeleka gereji moja ya Rusayl. Nlidhani wataifungua injini, wapi! Wakachomeka waya, wakakaa mbele ya kompyuta, wakaitia akili mpya, wakanambia tayari. Tangu siku hiyo gari si ile. Inavuta kama mtu aliyeshiba biriani akaambiwa apande ngazi, na ule uchafu iliokuwa ikiumwaga nje sasa unabaki ndani, kwenye chujio la bomba, mpaka ujiunguze. Fundi wa pale, kijana wa Moshi, akanishika mkono akanambia, "Mzee wangu, sikiliza vizuri. Hii taa ya njano ikiwaka, ujue chujio limejaa, ingia barabara kuu, ikimbize mpaka izimike yenyewe. Usiiweke imesimama ikaungulia hapo hapo, itanuka mpaka uhame nyumba." Nkamwambia sawa. Kuiuza nilijaribu, lakini nani anunue mnafiki anayejulikana mji mzima? Nkawa nayo tu, nnakwenda nayo sokoni, nnarudi, safari fupi fupi.

Haya, sasa posa. Mjukuu wangu Asila baba yake, mwanangu, alishatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, kwa hivo neno la kumwoza ni langu mie. Nshamkatalia wawili kwa sababu mwenyewe hakuwataka, lakini huyu wa tatu, Mundhir, alimtaka, alimwambia bibi yake wazi (wasichana wa siku hizi wanasema, na afadhali, sie tulikuwa tunabahatisha). Baba yake Mundhir ni Sheikh Khalfan, wanakaa Qurum, watu wa asili ya Pemba, wapole lakini wana heshima yao, ukiwagusa hapo wamekwenda na hawarudi. Siku wanayokuja, Asila akaja kunibusu mkono, akanambia, "Babu, nakuomba. Wakishasema lao, weye kubali, sema ahlan wa sahlan, basi. Hadithi baadaye."

"Kwani mie nna hadithi?" nkamuuliza. Akanibusu mkono mara ya pili, akaenda zake.

Alasiri ile nkatumwa kuchukua halwa, na narudi, taa ya njano hiyo, pwaa! Imewaka. Nkasema lahaula, wageni wako njiani, hii saa ya kukimbiza gari barabarani? Na hapo ndo nkafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kama chembe ya mchele, ulioniangusha. Nkaiingiza uani kinyumenyume, uso wake uangalie langoni ili wageni wakiingia waone gari ya maana, na sikuizima, nkasema moto ni moto, ijiunguze hapo hapo nkiwa na wageni. Nyuma yake, pale kwenye bomba, kuna nini? Dirisha la majlisi, chumba chetu cha wageni. Na ilikuwa majira ya baridi, ndo wakati huku tunazima viyoyozi, madirisha yote wazi.

Wakaja, Sheikh Khalfan na ndugu zake wawili. Tukapeana mikono, tukaulizana habari, habari za huku, habari za kule, kama ada. Tende, kahawa. Halwa bado imo jikoni. Sheikh Khalfan akajikohoza, akakaa sawa, akasema maneno mazuri ambayo hata leo nkiyakumbuka machozi yananilenga: kwamba wamekuja kuomba udugu, kwamba mtoto wao hana makubwa ila ana dini na ana kazi, kwamba wanamtaka binti yetu Asila awe binti yao. Akamaliza. Wote watatu wakaniangalia mie.

Na hapo hapo harufu ikaingia.

Yarabi, harufu gani ile! Kama mpira umeungua ndani ya sufuria la mafuta ya taa. Mwanzo ikapita kama mwizi, kisha ikajitandaza majlisi nzima. Nkamwona mdogo wake Sheikh Khalfan anajipangusa pua. Mie mwili mzima umenitoka jasho, nnafikiri jambo moja tu, wasijue ni gari yangu, wasijue ni gari yangu, leo watoke hapa waseme kwa Nasoro kunanuka. Neno la Asila likanitoka kichwani kabisa. Nkageuka mlango wa ndani, nkaita kwa sauti ya kiume:

"Leteni udi!"

Nyie mnajua. Kwetu hapa mgeni anakula, anakunywa, kisha unapitishwa udi, anajifukiza kanzu na ndevu, anasimama, anaaga. Baada ya udi hakuna kukaa. Ndo ruhusa hiyo, kwa adabu. Sasa mtu amekuomba mtoto, anangoja neno, na weye unamletea udi!

Bi Zuwena akauliza kutoka ndani, "Udi? Saa hii? Na halwa?"

"We lete tu, usinijibu!"

Akanipa chetezo mlangoni, na nyuma yake nkasikia Asila kapiga ukwenzi wa kilio, mie hata sikuelewa analia nini! Nkaingia nacho mbio, nkakipunga kila pembe, dirishani, chini ya mazulia, mbele ya uso wa Sheikh Khalfan. Moshi wa udi juu, moshi wa dizeli chini. Sheikh Khalfan akasimama taratibu. Akajifukiza upande mmoja tu wa kilemba, akasema, "Sheikh Nasoro, tumefahamu. Mungu awape kheri." Ndugu zake wakasimama. Wakavaa viatu. Wakaondoka.

Mie nkawasindikiza mpaka langoni, chetezo mkononi, natabasamu! Nafurahi hawakunusa!

Bi Zuwena akatoka mbio, kifua kinamlia firimbi, ananipiga ngumi za bega. "Kwa nini umewakataa? Mtoto kafanya nini? Khalfan kakukosea nini?"

"Nani kakataa?"

"Umewatolea udi, Nasoro! Kakuomba mtoto, umemtolea udi!"

Wacha niwaambie, hapo ndo nkafahamu nlilofanya. Nkaona Asila yuko kizingitini, uso wote machozi, na machozi hayo ndo yaliyonikata. Nkawapigia simu, hawapokei. Sikungoja. Nkavaa viatu vya kwanza mguu ulivyovikuta, nkaruka ndani ya gari, ikawa tayari inaunguruma (hilo tu ndo jema ililonifanyia), nkatoka.

Kufika barabara kuu nkakanyaga. Na Mnafiki, mashallah, siku hiyo alikwenda! Alipopata mbio na lile joto, masizi yote ya safari zangu za sokoni yakaamua kutoka kwa pamoja. Nkitazama kioo sioni nyuma, wingu tupu. Na ndani ya gari pia moshi! Nkatazama chini, kumbe chetezo nimekuja nacho, nimekiweka chini, mbele ya kiti cha pembeni, makaa yanawaka, udi unafuka. Watu wananipigia honi, wananiwashia taa, mwanamke mmoja kafungua kioo anapiga kelele, "Moto! Hajji, moto!" Mie nampungia mkono, nashukuru, nadhani ananipisha.

Kabla ya Ghubra nkaiona gari yao. Nkapiga honi, nkawasha taa, nkatoa kichwa nje, kofia ikaruka ikaenda zake. Wakaniona kwenye kioo, mzee kichwa wazi ndani ya wingu la moshi, wakasimama pembeni mara moja. Nkasimama nyuma yao. Sijafungua mlango sawasawa, dereva mmoja wa lori kasharuka chini na mtungi wake wa kuzimia moto, fyuuu! Kaninyunyizia unga mweupe mie na gari na chetezo, uso, ndevu, kanzu, kila kitu. Sheikh Khalfan akaja mbio anaita, "Nasoro! Umeungua? Uko salama?"

"Nimekubali!" nkapiga kelele. "Tumekubali! Ahlan wa sahlan!"

"Umekubali nini?"

"Asila! Mundhir! Nimewapa, wallahi nimewapa!"

"Si umetutolea udi?"

"Gari, yakhe, gari! Ilikuwa inanuka dirishani, nkaona haya, nkataka kuficha harufu!"

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, na akafika miguuni, na mie nami nkatazama, nkaona nimevaa ndala za Bi Zuwena, za waridi, zenye maua. Watu waliosimama wameshatoa simu, wananipiga picha. Ndugu wa Khalfan kaegemea gari yao anacheka hana sauti. Lakini Khalfan hakucheka. Akaja karibu, akanong'ona, "Unajua kwa nini leo nimekuja na gari ya ndugu yangu? Yangu mie ni hiyo hiyo kama yako. Nimeiacha nyumbani. Nliona haya kuja nayo kuposea, nkaogopa itanuka mbele yako."

Hapo ndo tukacheka wote wawili, tukakumbatiana, unga wangu ukamhamia, na tukainua mikono hapo hapo pembeni ya barabara, malori yanapita, tukasoma fatiha. Dereva wa lori akaitikia amin kwa sauti kuliko sote.

Nlipofika nyumbani habari imeshafika kabla yangu, kila mtu kaniona kwenye simu, mpaka Hilal huko Ujerumani. Asila kavimba macho, anacheka na analia pamoja. "Babu," akanambia, "nlikuomba ujibu majlisini, si barabarani!" Kisha akaniegemea bega, na unga wangu wote, hakujali.

Harusi ilikwenda vizuri, na watu wa Qurum na sie sasa ni nyumba moja. Lakini nimeapa, na nyie muwe mashahidi. Mie nliwalaumu wale waliotengeneza gari kwamba walificha uchafu wao ili wasifiwe, na uchafu wangu mwenyewe ulipoingia majlisini nkafanya nini? Nkaufukiza. Sasa mgeni akikunja pua tu, namwambia kabla hajauliza: hiyo ni gari yangu, inanuka, tuvumiliane; haya, sema ulichojia, nami nitakujibu.