Siku Niliyolala Dirishani kwa Mama Zulfa

Kuna watu Muhima mpaka leo wakiniona napita wananiuliza kama nimeamka salama, hata kama ni saa kumi jioni, na mimi nacheka nao kwa sababu nikinuna ndiyo watazidisha, lakini niseme ukweli, aibu ile bado inaniwasha shingoni. Nawasimulia ninyi kwa sababu najua mtaisikia tu kwa mtu mwingine, na huyo mwingine ataongeza chumvi (na wala haihitaji chumvi).

Mimi nashona mifarishi, yaani yale matandiko ya kitandani ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kingine, halafu unapitisha mishono juu kushikisha vyote vitatu. Hapa Kigali wengi wanasema kuvureli, Mama Zulfa naye anasema hivyo hivyo, nilishaacha kubishana. Mama Zulfa ana duka la vitambaa Muhima. Babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akabaki, na ukiingia dukani kwake unasalimiwa kabla hujajua unataka nini. Sasa akaleta mzigo mpya, pamba tupu yenye maua, na si maua ya kujificha, maua makubwa kama sahani, ya rangi ya chungwa, ya waridi, ya njano ya kuumiza macho. Wateja waliyashika, wakayasifu, wakayarudisha mahali pake, eti mazuri lakini utayavalia wapi. Ndipo akaniita.

"Konso, nishonee kuvureli za kuonyesha hii maua," akasema. "Mtu aone yakikaa nyumbani yanakuwaje. Mzigo ikitoka, ile meza karibu na mlango ni yako."

Ile meza msiidharau. Mimi nilikulia Bukoba, nikaja Kigali mtu mzima, wenzangu niliokuja nao wameolewa na kutawanyika, na kazi zangu nafanyia chumbani kwangu Gikondo, mimi na cherehani yangu tu. Kuna siku napokea simu saa nane mchana na sauti inatoka imekwama kama mlango wa stoo, kwa sababu tangu asubuhi sijaongea na mtu. Pale dukani kuna wasichana wawili wanaopima vitambaa, kuna redio, kuna ubishi wa mpira, kuna chai ya tangawizi ambayo haihitaji mwaliko. Niliitaka ile meza kuliko nilivyowahi kumtaka mwanaume yeyote.

Kwa hiyo nilijitoa mzima mzima. Mfarishi wa kwanza niliuharibu, maana nilikata vipande vidogo vidogo kama nilivyozoea, na ua kubwa ukilikatakata linakufa, unabaki na madoa ya rangi tu, kitanda kinaonekana kama mtu amemwagia mchuzi. Nikafumua. Nikayaacha maua mazima, kila ua katika mraba wake, na kati ya mraba na mraba nikapitisha vipande vya kijivu kitupu, macho yapate pa kupumzikia. Hapo maua yakafunguka. Ukiutazama kwa mbali ni kama umesimama nje ya nyumba yenye madirisha mengi na kila dirisha lina bustani yake. (Najisifu kidogo, nivumilieni, mengine yote katika mkasa huu ni ya kujidhalilisha.)

Siku ya kuonyesha ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya usafi wa mtaa ambayo ni lazima kwa kila mtu. Mnajua asubuhi hiyo ilivyo, kila mtu anatoka kwao na jembe au ufagio, maduka yamefungwa, barabara nyeupe, mitaro inazibuliwa, halafu watu wanakaa kikao kidogo na kiongozi wa mtaa, ambaye sisi tunamwita Mudugudu tu, ndipo milango inafunguliwa. Mama Zulfa alikuwa ameazima kitanda kwa fundi seremala, akakiweka nyuma ya kioo cha dirisha kubwa linalotazama barabarani, na Ijumaa akanipa ufunguo. "Fanya umuganda yako huko Gikondo, ukimaliza ndio uje tufungue pamoja," akaniambia.

Ila pindo la mfarishi mkubwa lilikuwa bado. Nikajiuliza, nikikosa umuganda Gikondo nani atajua kwamba sipo? Nikaona hakuna, na mjinga mimi nikafurahi. Alfajiri, kabla barabara hazijafungwa, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Muhima, nikaingia dukani, nikaushusha mlango wa bati nyuma yangu, nikakaa kitandani, mfarishi mapajani, nikaanza kushona pindo kwa mkono.

Nje watu wa Muhima wakatoka. Mtaro waliokuwa wanauzibua ulikuwa mbele ya duka lenyewe, kwa hiyo nilisikia kila kitu, makoleo yanakwaruza, mtu anamtania mwenzake kwamba anashika jembe kama kijiko, wanawake wanacheka. Nikamaliza pindo. Nikasema ngoja nijinyooshe kidogo chini ya mfarishi, nione maua yanavyoanguka juu ya mwili wa mtu, maana kitanda kitupu hakionyeshi kitu (hiyo ni kazi, si uvivu). Pamba ikanipasha joto. Sauti zikaendelea kule nje, mita chache tu, za watu wasio na haraka. Sikumbuki mara ya mwisho nililala watu wakiongea karibu nami, nadhani nilikuwa mtoto. Nikalala usingizi wa kukoroma.

Kilichofuata niliambiwa na wale wasichana wawili, tena kwa furaha kubwa. Kikao kilipoisha, Mama Zulfa aliwaomba watu wote wasiondoke, waone maua kwanza, na akiamini mimi niko njiani kutoka Gikondo, akalivuta juu bati linalofunika kioo cha dirisha kwa nje. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sanamu. Mzee mmoja akasema, "Yewe, hii sanamu imetengenezwa vizuri, mpaka mdomo iko wazi." Kisha sanamu likakoroma, likajigeuza, likafuta mate kwenye ua la waridi.

Kelele ndiyo iliyoniamsha. Nikafumbua macho nikaona mtaa mzima umebandika pua kwenye kioo, matope magotini, majembe mabegani. Nikaruka kutoka kitandani nikimbilie nyuma ya duka, nikapiga hatua mbili, na mfarishi wote ukanifuata. Nikauvuta, ukanivuta. Ndugu zangu, lile pindo nilikuwa nimelishona pamoja na sketi yangu. Mshono mzuri, mdogo mdogo, imara, upande mzima. Fundi yeyote anayeshonea mapajani anajua hatari hiyo na anapapasa chini kila mara, mimi sikupapasa.

Mama Zulfa alikuwa ameshaingia, na watu nyuma yake, na mbele ya watu, Mudugudu, mtu mpole mwenye buti za mpira.

"Dada, pole na usingizi," akasema. "Lakini umuganda ulifanyia wapi?"

Hapo ningesema ukweli, wangecheka, yangeisha. Lakini nilimwona Mama Zulfa ananitazama, nikaiona na ile meza nyuma yake, nikasema, "Gikondo, mzee. Tulianza mapema."

"Sawa, iko vizuri. Basi pigia jirani yako, aseme tu kwamba ulikuwepo. Jirani yeyote."

Nikatoa simu. Nikaanza kutafuta jina. Kulikuwa na muuza nyuzi wa Nyabugogo, kulikuwa na dereva wa moto, kulikuwa na wateja, kulikuwa na dada yangu Bukoba. Nikashuka mpaka mwisho wa majina, nikarudi juu, nikashuka tena taratibu kama mtu anayechagua kati ya wengi. Watu wakasubiri. Kicheko kikapungua chenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele yao na bustani nzima inaning'inia sketini, na jirani hata mmoja sikuwa naye. Mwishowe nikampigia mwenye nyumba, na kwa haraka yangu kidole kikagusa pale pa sauti kubwa.

"Alo? Konsolata?" akasema mwenye nyumba, na duka zima likasikia. "Konsolata gani? Ooo, ule wa chumba ya nyuma! Mimi nilijua alishahama."

Hakuna aliyecheka. Naapa ningelipa wacheke. Mudugudu akatazama buti zake, akasema haya, mwezi ujao usikose, akatoka, na mwanamke mmoja akajifanya anauliza bei ya kitambaa cha njano ili pawe na maneno.

Mama Zulfa alinipeleka nyuma ya pazia, akapiga magoti, akaanza kunifumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, akilalamika kwamba nashona imara mno. Huko mbele maua yalikuwa yanauzwa. Kila aliyecheka aliona aibu kuondoka mikono mitupu, na wengine walisema wazi wanataka kitambaa kile cha mtu aliyelala vizuri.

"Mzigo inatoka," nikamwambia, bila kuthubutu kutaja meza.

"Inatoka," akasema. "Umeshona vizuri, Mungu akubariki. Lakini Konso, mwanangu, hapa mtu ananunua kwa sababu anakujua. Leo mwenye nyumba yako hakujui. Mimi nitaweka nani mezani?" Akakata uzi wa mwisho. "Niletee jirani yako mmoja anywe chai hapa, aseme huyu ni mtu wetu. Siku hiyo hiyo unakaa."

Nilirudi Gikondo na sketi yenye matundu, nikafunga mlango, nikalia, sitaficha.

Umuganda uliofuata nilitoka wa kwanza, na ufagio mpya ambao kila mtu aliona ni mpya. Niliwekwa upande wa mtaro pamoja na mama mmoja mnene anayeitwa Vestine, mjane, tukasukuma matope muda mrefu bila maneno kwa sababu sikujua watu wanaanzaje. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe ndio wa cherehani?" akauliza. "Chumba yangu iko nyuma ya ukuta yako. Mimi nalala ukishazima hiyo cherehani yako. Kama hujazima, najua bado kuna mtu hajalala, sioni ubaya."

Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu upande wa pili wa matofali ananisikiliza, na mimi upande huu nikiamini kwamba nikifa watanigundua kwa harufu. Nikamwambia naitwa Konsolata. Akasema yeye alikuwa ananiita Cherehani tu.

Tangu siku hiyo tunasalimiana, na juzi alikuja kuazima chumvi kwangu. Meza ya Mama Zulfa bado tupu, kila nikipeleka kazi ananiuliza kwa nyusi tu, mgeni wako yuko wapi. Na kila siku naahirisha kumwalika Vestine kwenye ile chai, kwa sababu naogopa siku atakayojua habari ya meza atadhani ndiyo iliyonifanya nimsalimie. Kwa hiyo nimeapa mambo mawili. Sitashona tena pindo mapajani bila kupapasa chini. Na chai hiyo nitampikia kwanza chumbani kwangu, Gikondo, nimweleze kila kitu, na akitaka kucheka acheke.