Nafasi Ndani ya Pipa

Wewe ungeweza kumnyima shemeji yako glasi ya divai, na pipa limejaa chini ya nyumba yako? Sema kweli. Hapa kijijini kwetu, Moldova, hata msoma mita za umeme haachiwi aondoke na koo kavu. Ndiyo maana mwaka mzima jirani yetu, Shangazi Axinia, ameitwa mchoyo, na mwaka mzima mimi nimegombana na watu kwa ajili yake.

Mumewe, Gherasim, alikamua zabibu vuli iliyopita, akaziba pipa, akafa kabla ya theluji. Divai hiyo shangazi anaitunzia kumbukumbu ya mwaka mmoja, ili kila atakayefika kaburini anywe kazi ya mikono ya marehemu. Zimebaki wiki tatu. Lakini pipa likipungua, hewa huingia, na divai hugeuka siki. Hata mbao zenyewe hunywa, kwa hiyo kila Jumamosi alikuwa akijazia kutoka kwenye chupa kubwa ya kioo. Chupa hiyo sasa ni tupu.

Juzi jioni nilikuwa kwake alipoingia Ilarion, mdogo wa Gherasim, pamoja na mafundi wawili waliomwezekea paa. Walikuwa wameshachangamka.

"Shemeji! Tumekauka kama kuni!"

"Kisimani kuna maji ya baridi."

Mafundi wakaangua kicheko. "Ilarion, bora tungekwenda kwa padri. Yule angalau hutoa kijiko cha divai ya komunyo!"

Ilarion akaiva uso. "Kaka yangu hakumnyima mtu. Ulipomzika, ulizika na jina lake?"

"Kaka yako alikuwa na mapipa manne na mikono miwili. Mimi nina pipa moja."

Ilarion akachukua jagi na mpira wa kunyonyea divai, akaelekea kwenye ngazi za kushukia pipani. Nikasimama mlangoni.

"Mjomba, hushuki."

"Toka hapa, msomi! Huku si chuoni."

Akanishika kola. Nami nikaishika yake.

"Mwache apite," shangazi akasema. "Mkipigana humo mtalitikisa pipa, mvuruge mashapo."

Akashuka mbele yetu na taa. Ilarion alipong'oa kizibo, shangazi akamuuliza polepole, "Chota. Ila hiyo nafasi utaijaza na nini?"

"Na hewa, shemeji! Ya bure!"

Hakuna aliyecheka, hata mafundi. Divai ilitiririka mpaka jagi likajaa. Shangazi akaligonga pipa juu kwa kifundo cha kidole. Lililia kama ngoma.

Ilarion akamwaga tone la kumkumbuka marehemu sakafuni, akanywa. Akanywa tena, kidogo.

"Ni ya shamba la juu," akasema. "Tulichuma pamoja."

"Ndiyo ya mwisho."

Akalitazama jagi. "Nirudishe?"

"Imeshapigwa hewa, na mpira umetoka mdomoni mwako. Ukirudisha, utaharibu yote."

Akapanda ngazi bila kuaga. Mafundi wakamfuata na jagi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Ilarion amechuchumaa kisimani kwa shangazi, na ndoo ya kokoto za mtoni. Kila moja aliidondoshea siki. Zilizotoa povu, za chokaa, alizitupa barabarani, kwa sababu ndani ya pipa divai ingezila. Zilizonyamaza alizisugua kwa brashi, akazichemsha kwenye sufuria. Shangazi akatoka, akaokota moja katika zile nzuri, akaijaribu tena. Ikatoa povu. Akaitupa.

"Angalia vizuri," akamwambia.

"Naangalia, shemeji."

Zilipopoa wakashuka nazo, nami nikabeba taa. Ilarion alizishusha mojamoja kwenye tundu la pipa, mpaka ndoo ikakaribia kwisha na divai ikapanda kugusa ukingo. Akanyoosha mkono achukue kizibo. Shangazi akamnyang'anya, akakigongomea mwenyewe.

Kisha akaligonga pipa juu. Halikulia.