Shahidi wa Inzi

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo mweupe na cheti cha shule ya usiku mkononi, kwamba mtu akimkamata inzi asiyejulikana duniani, Serikali ya Mwingereza humpakia melini kwenda Ulaya akatoe ushahidi. Anasimamishwa mbele ya wazee wenye elimu ya inzi, anaapa, ananyoosha kidole: ndiye huyu, nilimkamata kwetu Mbwera, juu ya ua la mkoko uitwao mchu. Bila hivyo inzi hapewi jina.

Aliyeniambia ni mpishi wa bwana wadudu, na mpishi yule alikuwa mtani wangu, jambo ambalo peke yake lingetosha kunizindua. Lakini nilipolipima nikaona lina akili. Kwa liwali hata mnazi hauwi wako bila shahidi, sembuse inzi?

Bwana wadudu alikuwa Mwingereza mwembamba, mwekundu kuanzia masikio mpaka shingo, aliyeletwa delta ya Rufiji kutafuta inzi wanaouma. Hakuhitaji kutafuta, angevua shati tu. Inzi wa Mbwera wa enzi zile ukimpiga mmoja kofi alikuwa anageuka kutazama ni nani. Mimi aliniajiri kwa sababu nilijua kuandika. Kila inzi alipata kikaratasi chake: mahali alipokamatwa, siku, na alikuwa amekaa juu ya nini. Nimeandika "juu ya shingo ya bwana" mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

Sasa kulikuwa na mmoja aliyemnyima usingizi. Mdogo, macho ya kijani yenye mistari miwili, mbawa zina doa kama la moshi, anapenda kukaa kwenye milango ya matundu ya kaa. Majike tulikuwa nao tele, maana majike ndio wanaouma. Bwana akafungua kitabu kinene, akahesabu nywele za miguu, akapima mashavu, akakifunga.

"Hayumo," akasema. "Lakini bila dume siwezi kusema neno."

Madume hawaumi mtu. Hufyonza maua yao kimya kimya kama waungwana, kwa hiyo hawaji kwako, unawafuata. Nikazunguka mikokoni na wavu, matope kiunoni, siku ambazo mimi nasema zilikuwa arobaini na mke wangu anasema tisa, mpaka nikampata mmoja juu ya ua la mchu. Macho yake yamegusana juu ya kichwa: dume. Bwana aliruka mpaka kofia ikaangukia majini, akaiacha iende zake.

Hapo ndipo nilipoona jinsi inzi anavyotambuliwa. Alimkata ncha ya tumbo, akaichemsha kwenye dawa kali, akaiweka chini ya darubini. "Tazama." Nikatazama. Nikaona kikoleo, kama cha mfua fedha, kimepinda upande mmoja. Nilipoelewa ni kitu gani ninachokitazama, nilitamani kwenda kutawadha.

"Jamaa zake wote kimenyooka," bwana akasema. "Huyu kimepinda. Ni mpya."

Ufalme mzima ule, na manowari zake, umemsomesha mtu mzima aje Rufiji kuchungulia uchi wa inzi! Hilo sikuliamini ingawa nililiona kwa macho. La meli, nililosimuliwa jikoni, nililiamini.

Masika yalipokaribia bwana akahamia Kibiti. Mwezi ukapita, ikaja barua fupi: "Njoo upesi. Leta nguo zako zote." Nikajua meli imefika.

Kwetu mtu hafungi safari ya mbali bila kuomba radhi. Anayekwenda Hija huzunguka nyumba kwa nyumba akikiri aliyowatendea watu, maana bahari haina ahadi. Nami nikazunguka. Jirani nikamwambia kuku wake aliyeliwa na kenge, kenge ndiye mimi. Mwalimu wa chuo nikamwambia idadi ya siku nilizosimama safu ya kwanza bila udhu. Akashika ndevu, akasamehe.

Kisha mkwe wangu. Miaka minne nyuma mtumbwi wake mpya ulipotea kwenye kijito, ikasemwa kiboko kauvunja. Kwa kumwogopa kiboko huyo, mzee akaacha shamba lake la mpunga ng'ambo ya kijito, na halikuwepo zuri kulishinda.

"Baba," nikamwambia, "hakukuwa na kiboko. Niliuazima mimi, nikaufunga fundo la kivivu, nikalala. Maji yakauchukua."

Alitafuna tambuu yake mpaka ikaisha. "Misimu minne nakula mhogo."

"Ndiyo, baba."

"Na zile nyayo ulizotuonyesha?"

"Nilizichimba kwa kifuu."

"Haya. Unakwenda Ulaya. Nimekusamehe."

Radhi ya msafiri ni nyepesi kuitoa: unamsamehe mtu ambaye hutauona uso wake kesho asubuhi. Mke wangu ndiye aliyenitia baridi. "Na usipokwenda je, mume wangu? Utakaa vipi hapa na baba? Umeyamwaga yote, hukubakiza hata moja la kuzeekea!"

Mkwe akashikilia kunisindikiza mwenyewe mpaka Kibiti. Nadhani alitaka kuhakikisha. Mtumbwini nilikatazwa kugusa kamba. Tuliposhuka nikabeba sanduku kichwani, nikitangaza Ulaya kila kijiji, hata tukaingia Kibiti na msafara ambao gavana hajawahi kuupata.

Mpishi alipotuona alikimbilia jikoni, mdomo ameuziba kwa mikono miwili. Bwana alikuwa mezani na pini zake.

"Vizuri, umefika. Lori la Mloka linaondoka kesho. Kule kuna mbung'o wengi."

"Mloka ya hapa hapa Rufiji?" mkwe akauliza.

"Mloka. Wiki tatu."

Mzee akanigeukia polepole. "Mloka nako ni safari ya kuombea watu radhi?"

"Baba, si ulishanisamehe..."

"Nilimsamehe wa Ulaya. Huyu wa Mloka simjui. Ukirudi utanichongea mtumbwi, mti nitauchagua mimi. Na shamba la ng'ambo utalifyeka peke yako. Usiogope, kiboko hayupo."

Nikamng'ang'ania bwana, ndiye tumaini lililobaki. Nikamweleza yote: meli, wazee wa inzi, kiapo. Nani atasimama kumshuhudia yule wa ua la mchu? Bwana aliweka pini chini. Hakucheka, na afadhali angecheka.

"Yule alikwenda Ulaya kwa posta mwezi uliopita," akasema, "ndani ya kisanduku cha sigara, pamoja na kikaratasi ulichoandika wewe. Watamlinganisha na wale walio kwenye droo. Jina ninampa mimi; nimeshaliandika, maana yake koleo lililopinda. Mtu hahitajiki."